Sikukuu Ikikukuta Same

Wewe wa Vudee unayechambua maharage kibarazani, wewe wa Ndungu unayetoka kwenye majaruba ya mpunga, na wewe uliye ndani ya basi, dereva amefungua redio na mnapita Hedaru, sikilizeni. Leo tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi hulipuuza mpaka liwakute: kufika ugenini siku ambayo wenyeji wamefunga. Duka limefungwa, ofisi imefungwa, wakala hayupo, mama ntilie kaenda ibadani, na gari la kupanda mlimani limelala kwa mwenyewe. Mgeni anabaki na begi lake stendi, hajui alaumu nani.

Nami nasema mapema, ili tusizunguke: mapumziko ni haki ya mwenyeji, na taarifa ni haki ya mgeni. Kila upande ukiheshimu haki ya mwenzake, sikukuu haimharibii mtu safari.

Wenzetu wa Zanzibar wanalijua hili kwa sababu ya meli. Meli kubwa ya watalii inatia nanga asubuhi, abiria wanashuka, na jioni inaondoka. Siku hiyo ikiwa ni Idd mosi, mtalii anaingia Mji Mkongwe akitazamia maduka ya viungo na vinyago, anakuta milango ya nakshi imefungwa na watu wametoka kuswali, wamevaa kanzu mpya, wanatembeleana. Kuna atakayerudi melini amenuna, akisema Zanzibar hakuna kitu. Na kuna mwingine aliyeambiwa jana yake kwamba Idd Zanzibar husherehekewa kwa siku nne na kwamba jioni watoto hujazana viwanja vya Mnazi Mmoja kwa sikukuu yao. Huyo alipanga siku yake vingine, akaona kitu ambacho mtalii wa siku za kawaida hakioni. Bandari ni ile ile na siku ni ile ile. Walichotofautiana ni taarifa tu.

Sisi huku Same bahari hatuna, lakini watu wa kushuka kwa saa chache tunao kila siku. Same ni mji wa kupita. Barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Moshi na Arusha inapita hapa, na reli ya Tanga, ile iliyofika Moshi mwaka 1911, nayo inapita hapa. Kutoka mjini kuna magari ya Mwembe na Mbaga, na kuna yanayozunguka milima kwa upande wa Kisiwani kwenda Maore, Gonja na Ndungu. Lango la Zange la Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi liko kilomita chache tu kutoka mjini. Kwa hiyo ukisimama stendi nusu saa utamwona mfanyabiashara wa tangawizi anayekwenda Mamba Miamba, mwalimu aliyepangiwa shule ya mlimani, mgonjwa anayepelekwa hospitali, na Mzungu mwenye begi mgongoni anayeulizia mlima Shengena. Hawa wote wamefika Same, lakini Same siyo mwisho wa safari yao. Wanategemea mnyororo wa watu wengine: mwenye gari, mwenye chakula, mwenye kubadilisha fedha, mwenye kutoa kibali. Kiungo kimoja kikipumzika, mnyororo mzima unasimama.

Sasa, msikilizaji, mtu wa mbali hufikiri siku ya kufunga ni Jumapili. Akija Upare na hesabu hiyo atapata tabu, maana wilaya yetu ina siku tatu za ibada zinazofuatana, na kila moja ina wenyewe.

Ijumaa ni ya Waislamu. Uislamu uliingia huku na misafara ya biashara iliyofuata bonde la mto Pangani na miguu ya milima, na hadi leo maduka mengi ya tambarare hufungwa kwa muda mchana wa Ijumaa. Mwenye duka anakwenda msikitini, na baada ya swala anarudi. Ukijua hivyo, unanunua mahitaji yako kabla ya saa sita, mambo yamekwisha.

Jumamosi ni ya Wasabato, na hapa ndipo wageni wengi wanapokwama. Kanisa la Waadventista Wasabato lilianzia nchini kwetu katika milima hii. Mwaka 1903 wamisionari wa Kijerumani walifika Giti, Upare Kusini, wakafungua kituo chao cha kwanza, na kutoka hapo imani hiyo ikaenea Suji na vijiji vingine mpaka ikavuka mipaka ya Upare. Zaidi ya miaka 120 baadaye, kuna vitongoji ambavyo karibu kila nyumba ni ya Msabato. Jumapili huko ni siku ya kazi kama Jumatatu.

Jumapili ni ya Walutheri na Wakatoliki. Walutheri waliletwa na Misioni ya Leipzig, na kazi ya mmisionari Jakob Dannholz kule Mbaga inakumbukwa hadi leo. Makao makuu ya Dayosisi ya Pare ya KKKT yako Same mjini, na Jimbo Katoliki la Same nalo lina kanisa kuu lake hapa hapa.

Panda Suji siku ya Ijumaa alasiri ujionee. Ikifika saa kumi na moja, mwenye duka ameshaanza kuingiza ndani ndoo na mabeseni aliyokuwa ameyapanga nje. Mteja wa mwisho anapimiwa sukari na mafuta ya kula, anachukua kiberiti, anaondoka kwa haraka. Nyumbani chakula cha kesho kimeshapikwa, maji yameshatekwa, kuni zimeshapasuliwa. Kwenye saa kumi na mbili na nusu jua linazama, na komeo la duka limeshatiwa. Jumamosi asubuhi unakutana na familia nzima njiani, baba mbele na koti lake, mama na Biblia, watoto wamepakwa mafuta miguu inang'aa. Ukimwuliza mmoja wao soda inapatikana wapi, atakuambia kwa upole kwamba duka litafunguliwa jua likizama. Ukimwambia una njaa, atakukaribisha kwake ukale. Atakukaribisha, lakini hatakuuzia.

Hapo, msikilizaji, pana fundisho kwa mgeni. Kufungwa kwa duka hakumaanishi kwamba umefukuzwa. Kuna wageni wanaofika na fedha mkononi, wakakataliwa kuuziwa, wakaudhika, wakaondoka na njaa huku wamepita mbele ya sufuria tatu za makande zilizokuwa zikiwasubiri waseme tu hodi. Sisi Wapare tunataniwa nchi nzima kwa makande na kwa kushika fedha. Utani huo tunauchukua, lakini mwenye kutania aje Jumamosi mlimani aone kama makande hayo ataombwa hata senti.

Ukizitazama siku hizo tatu kwa pamoja, utaona Same mjini ina bahati ambayo miji mingi haina. Ijumaa mchana Muislamu akifunga, duka la Mlutheri liko wazi. Jumamosi Msabato akifunga, Muislamu anauza. Jumapili Mlutheri na Mkatoliki wakiwa kanisani, Muislamu na Msabato wapo dukani. Hakuna aliyeketi kikao akapanga zamu hiyo. Imepangwa na kalenda za ibada. Ndiyo maana katika wiki ya kawaida ni vigumu sana msafiri kukosa kabisa huduma mjini. Tabu inaanzia vijijini kwenye dini moja, na tabu kubwa zaidi inakuja siku ambazo nchi nzima inafunga kwa pamoja.

Siku hizo si chache. Zipo 11 zenye tarehe isiyobadilika, kuanzia Mwaka Mpya na Mapinduzi ya 12 Januari, mpaka Uhuru wa 9 Desemba, Krismasi na siku ya pili yake. Juu ya hizo kuna Ijumaa Kuu na Jumatatu ya Pasaka, ambazo kila mwaka zina tarehe yake, na kuna Idd zote mbili na Maulid, ambazo zinafuata mwezi. Idd ndiyo inayowachanganya zaidi wasafiri. Mpaka usiku wa kuamkia, watu wanasubiri tangazo la kuandama kwa mwezi. Tena wapo Waislamu wanaofuata tangazo la Makka na wanaweza kuswali siku moja kabla ya wenzao. Katika mtaa mmoja duka hili likafungwa leo na lile likafungwa kesho. Mtu aliyepanga safari kwa tarehe iliyochapwa kwenye kalenda ya ukutani hawezi kudai kwamba kalenda ilimwahidi.

Wakati mwingine sikukuu zinaandamana. Mwaka 2024 Ijumaa Kuu ilikuwa 29 Machi, Jumatatu ya Pasaka ikawa 1 Aprili, siku ya Karume ikaangukia 7 Aprili, na Idd el Fitr ikaingia 10 Aprili. Kwa muda wa majuma mawili hivi, mwenye shughuli na ofisi alikuwa akiruka kutoka mwanya mmoja kwenda mwingine. Na zipo siku ambazo hazimo kwenye kalenda yoyote mpaka zitangazwe. Tarehe 23 Agosti 2022 ilifanywa mapumziko ili nchi ihesabiwe kwenye sensa. Aliyekuwa safarini siku hiyo alihesabiwa huko huko alikokutwa.

Mlimani tuna pia siku zetu nyingine. Msaragambo ukitangazwa, kijiji kinatoka na majembe kwenda kutengeneza barabara au mfereji, na mwenye duka hawezi kukaa nyuma ya kaunta wakati majirani wanalima njia inayoleta bidhaa zake. Jumamosi ya mwisho wa mwezi, katika halmashauri nyingi, maduka husubiri kwanza usafi uishe. Ukifika asubuhi hiyo ukakuta mwenye duka ameshika fagio, usimwulize ana haraka gani ya kufagia. Subiri, au chukua fagio.

Lakini twende kwenye siku yenyewe ambayo inatuumiza vichwa zaidi: Krismasi. Mnajua utani wa Desemba, kwamba watu wa Kilimanjaro wanakwenda nyumbani kuhesabiwa. Wengi husema Wachaga, lakini basi likipita Hedaru, Makanya na Same utaona kwamba na sisi tunashuka kwa wingi. Stendi ya Magufuli kule Mbezi inafurika. LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, hutoa vibali vya muda kwa mabasi ya ziada, na kila mwaka hutukumbusha kwamba nauli ni ile iliyopangwa. Serikali iliporudisha treni ya abiria ya Dar es Salaam na Moshi, mwezi wenyewe ulikuwa Desemba, mwaka 2019, baada ya reli hiyo kukaa miaka mingi bila abiria. Nadhani hakuna haja ya kueleza kwa nini ulichaguliwa mwezi huo.

Sasa tazama kinyume kilichopo. Desemba ndiyo wakati Same inapokea watu wengi kuliko wakati mwingine wowote, na tarehe 25 ndiyo siku ambayo watu wengi wa Same wamefunga. Mahitaji yako kileleni, huduma iko chini. Asubuhi hiyo stendi ina sauti chache. Kijana mmoja ana deli la mayai ya kuchemsha na kachumbari, mwingine anauza maji na karanga za kukaanga. Banda la chipsi limefunikwa turubai. Kwenye ubao wa wakala wa fedha za simu pana karatasi iliyokatwa kwenye daftari, imeandikwa kwa kalamu: Keshi hakuna. Chini yake mama mmoja ameketi juu ya begi, mtoto amelala mapajani, anasubiri mtu wa kumtolea fedha ili apate nauli ya kupanda Mbaga.

Hiyo karatasi ya wakala ina maelezo yake, na ni vizuri tuyaelewe ili tusimchukie. Wakala anafanya kazi na vitu viwili: floti iliyo kwenye simu na keshi iliyo kwenye droo. Siku za kawaida wapo wanaoweka na wapo wanaotoa, droo inajaa na kupungua. Krismasi wote wanatoa. Watoto walioko Dar wanamtumia mama fedha ya mchele na nyama, na waliorudi nyumbani wanatoa fedha za sadaka na michango. Kila anayetoa anamwachia wakala floti na kuondoka na noti. Floti ikijaa, ili apate noti nyingine inambidi aende benki, na benki imefungwa. Mwaka 2023 Krismasi iliangukia Jumatatu na siku ya pili yake ikawa Jumanne. Wakala aliyefika benki Jumamosi baada ya tawi kufungwa alisubiri mpaka Jumatano asubuhi. Siku zote hizo simu yake ina mamilioni na droo yake ina sarafu.

Ndiyo maana ushauri wa kwanza kwa anayekuja Same wakati wa sikukuu ni huu wa kizamani kabisa: tembea na fedha taslimu za kukufikisha mwisho wa safari, na ziwe noti ndogo. Elfu kumi huko mlimani siku ya sikukuu haipati chenji.

Ushauri wa pili ni juu ya gari la kupanda. Magari ya vijiji vya milimani huteremka alfajiri na kupanda mchana. Ndivyo yalivyo siku za kawaida, kwa sababu yanawaleta watu mjini kwa shughuli zao na kuwarudisha. Siku ya sikukuu hakuna anayeteremka kwa shughuli, kwa hiyo hakuna gari la kupanda. Usitegemee kwamba litakuwepo tu. Piga simu siku mbili kabla kwa mwenyeji wako, aongee na dereva. Au panda bodaboda mkikubaliana bei kabla hujaketi, na mkikubaliana pia kwamba mvua ikinyesha mtasimama. Mvua za vuli zinapokawia mpaka Desemba, kona za udongo mwekundu zinateleza kama sabuni, na dereva aliyekunywa sikukuu si wa kumpa maisha yako. Mtazame machoni kwanza.

Wa tatu ni juu ya kurudi. Huku ndiko watu wa Same tunakoonewa na jiografia. Mabasi ya kwenda Dar es Salaam yanaanzia Arusha na Moshi, na mwanzoni mwa Januari yanafika kwetu yameshajaa. Unasimama barabarani unapunga mkono, konda anakupungia wa kwaheri. Wenye uzoefu hukata tiketi mapema ya kuanzia Moshi au Arusha hata kama watapandia Same, wakakubali kulipa zaidi kuliko kulala stendi. Tangu Oktoba 2023 mabasi yameruhusiwa kutembea usiku, na hilo limetufungulia mlango mwingine, ingawa usiku nao una madereva wachovu. Chagua kampuni yenye madereva wawili.

Wa nne ni kwa wanaokuja kutembea. Mageti ya Mkomazi hayafungwi kwa sababu ya sikukuu. Wanyama hawana Krismasi. Lakini malipo ya hifadhi hayapokelewi kwa noti, yanapitia kwenye kadi au namba ya malipo. Kwa hiyo mtu mwenye keshi tele na simu isiyo na salio anaweza kukwama getini, kinyume kabisa na yule mama wa stendi. Msitu wa Chome, wenye mlima Shengena wa zaidi ya mita 2,400, uko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, na ofisi ni ofisi: ina Jumatatu mpaka Ijumaa. Shughulikia kibali chako kabla ya sikukuu. Mwongoza wageni wa kijiji naye ana familia. Ukitaka akupandishe Shengena tarehe 25, mwulize kwanza kama anapenda, na akikubali mlipe kama mtu aliyeacha sikukuu yake.

Na wa tano, dawa. Mwenye sukari, mwenye presha, mwenye mtoto wa pumu, asiseme nitanunua nikifika. Hospitali na vituo vya afya hupokea dharura siku zote, lakini duka la dawa muhimu la kijijini lina mtu mmoja tu, na mtu huyo naye ana mama yake wa kumtembelea.

Msikilizaji, nimesema na mgeni muda mrefu. Sasa niseme na mwenyeji, maana kuna hoja inayosikika kila Desemba. Wapo wanaosema: kwa nini tunafunga? Mgeni njoo, mwenyeji apone. Watu wamejaa, fedha iko barabarani, na sisi tunafunga maduka! Wanataka Same iwe wazi saa 24, mwaka mzima.

Hoja hiyo ina nusu ya ukweli. Mji wa njia kuu hauwezi kujifungia wote. Wagonjwa hawachagui siku, na basi likiharibika halitazami kalenda. Lakini nusu ya pili wanaisahau. Yule dada wa kituo cha mafuta, yule mlinzi wa ghala na yule kijana wa jikoni hotelini ni watu wa hapa hapa, na wao ndio wanaoachwa kazini ili wengine wale pilau. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 iko wazi: mfanyakazi akifanya kazi siku ya sikukuu ya kitaifa, kila saa yake inalipwa mara mbili ya mshahara wa msingi. Mwajiri anayetaka kufungua na afungue, lakini alipe hivyo. Asiyeweza kulipa hivyo na afunge, aende kanisani au msikitini na wafanyakazi wake.

Katikati ya kufunga wote na kufungua wote kuna njia ambayo Wapare tuliijua kabla ya kuja kwa kalenda ya serikali. Nendeni Bangalala mkaone ndiva ya Manoo. Jioni mlango wa bwawa hilo la umwagiliaji unafungwa, maji ya kijito yanaingia usiku kucha, asubuhi unafunguliwa na kila mwenye shamba anapata maji kwa zamu yake. Ingeachwa wazi usiku na mchana, maji yangepita membamba na wa mwisho asingepata tone. Huduma ya sikukuu nayo inataka hivyo hivyo: kufunga kunakojulikana, kufungua kunakojulikana, na zamu ambayo kila mtu ameisikia.

Kwa mji wa ukubwa wa Same, zamu hiyo haihitaji bajeti. Maduka ya dawa yanaweza kukubaliana nani afungue Krismasi na nani Idd, na tunao watu wa dini zote. Ibada yenyewe imeshatugawia kazi nusu. Mawakala wanaweza kukubaliana wawili wakusanye noti za kutosha kabla ya benki kufungwa. Uongozi wa stendi unaweza kubandika karatasi moja penye ofisi ya tiketi: mama ntilie gani yupo, duka gani la dawa liko wazi, gari la Mbaga linaondoka saa ngapi, na namba ya dereva. Redio itaisoma bure. Msikitini na kanisani itatangazwa bila ubishi, kwa sababu hakuna sheikh wala mchungaji anayependa kusikia kwamba mama na mtoto walilala stendi siku ya sikukuu.

Basi naomba hivi. Kwa wewe mwenye duka, kabla hujafunga, chukua karatasi uandike mambo matatu: umefunga siku gani, utafungua lini, na nani jirani aliye wazi. Ubandike mlangoni kwa kimo cha macho ya mtu mzima, halafu nenda kapumzike kwa moyo mweupe. Kwa wewe msafiri, kabla hujapanda basi, mpigie simu mtu mmoja wa huku umuulize siku hiyo ni ya nani. Kama humjui mtu, muulize konda. Yeye anapita hapa kila siku. Na ukikuta mlango umefungwa, usiugonge kwa ngumi. Sema hodi nyumba ya jirani.

Kufunga duka siku ya sikukuu si kosa. Kosa ni kufunga bila kusema.